Fimbo ya Mayungiyungi na Mkwe Aliyerudisha Samaki

Furaha, Brayo, nimewasikia. Siku ile ya keki mlinishika mkono mlangoni mkaniambia nisiondoke hivihivi, niwaachie maneno ya kaunta ya fimbo za kuvulia samaki. Meneja naye aliniomba mwongozo kwa Kiingereza, mfupi, bila mzaha, na huo nimeshampa. Huu ni wenu, na nimeuandika kwa Kiswahili kwa sababu kwa Kiingereza huwa nafika penye kicheko wakati watu wameshavaa makoti. Nimestaafu juzi tu na furaha niliyo nayo hainitoshi mwilini. Leo asubuhi nimejikuta nikiuliza sukumawiki za bustanini kama zimeshahudumiwa.

Habari za kupandishwa cheo sitaandika, hazichekeshi. Nitaanza na blanketi.

Nilipofika Minnesota nilifanya kazi inayofanywa na kila mtu wetu, ya kutunza wagonjwa na wazee. Mimi nilipangiwa chumba cha kufulia nguo katika nyumba ya wazee kule Plymouth. Kutwa nzima nilikuwa natoa mablanketi mashineni, na blanketi lililolowa, kama hamjawahi kulivuta, halina adabu. Halikimbii, halipigani, linakaa tu pale na uzito wake kama shemeji aliyekuja kukaa wiki moja. Unajifunza kuweka kiwiko ubavuni, kuegemea nyuma na kuvuta kwa mwili mzima. Nilidhani nimejifunza kufua, kumbe nilikuwa nasomea fimbo.

Mzee mmoja wa pale alikuwa na fimbo ya kuvulia iliyovunjika ncha, na kila nikiingia kuchukua shuka zake aliniomba nimpelekee ikatengenezwe. Nikaipakia garini ncha ikitokeza dirishani, nika-drive hadi Coon Rapids, nikaingia dukani kwetu kwa mara ya kwanza. Mtu aliyekuwa kaunta aliitwa Lloyd, mrefu, mkavu, mwenye nyusi zinazofanya kazi yote ambayo mdomo wake ulikataa kufanya. Aliipokea ile fimbo, akanipa nyingine nimshikie, akaniuliza naionaje. Nikamwambia ukweli: mimi ni mtu wa Nyeri, samaki kwetu tulimjua kwa picha, lakini hii fimbo ni nzito kichwani na mkono utachoka kabla ya chai ya saa nne. Nyusi zikapanda. Akaniuliza kama natafuta kazi.

Baadaye nilimuuliza kwa nini. Akasema amechoka na wauzaji wavuvi. Mteja anaingia kununua fimbo, muuzaji anamsimulia samaki wake hadi duka linafungwa. Mimi sikuwa na samaki hata mmoja wa kusimulia.

Nyumbani habari hiyo ilipokelewa kama msiba. Mjue watu wetu wa hapa: ukisema hufanyi kazi hospitalini wanakushika bega na kukuuliza ni nini kilitokea. Mume wangu, Baba Wambui, ambaye ni muuguzi mpaka kwenye mifupa, alikaa chini. Akasema, "Mama Wambui, umeacha kazi ya watu uende kuuzia wazungu fimbo za kushika samaki ambao hata hawakuli?" Kwa maana alikuwa ameshasikia kwamba huku mtu anaweza kuamka alfajiri, akavua samaki mzuri mnene, kisha akamrudisha majini na kurudi nyumbani akiimba. Hilo lilimchekesha miaka nenda miaka rudi. Kanisani alinitambulisha kama Mama Fimbo, na watoto wa Sunday school wakawa wanakaa kimya nikipita, wakidhani kazi yangu ni kuchapa.

Siku yangu ya kwanza kaunta nilimwambia mteja wa kwanza kwamba fimbo aliyoichagua haimfai. Wa pili pia. Wa tatu akaenda kumwita meneja. Lloyd alinivuta kando akanifundisha kwamba hapa humwambii mtu haimfai, unamwuliza anakwenda kuvua wapi, unanyamaza, na yeye mwenyewe anaanza kuiangalia fimbo kwa mashaka. Hilo shikeni kuliko mengine yote. Msiulize anataka fimbo gani. Ulizeni maji yake yakoje.

Na hapa ndipo tunafika kwenye mayungiyungi, ambayo ndiyo yaliyonipa jina dukani. Yule samaki wao wanayemwita bass, mimi namwita Mdomo Mkubwa, hapendi kukaa pa wazi. Anakaa chini ya majani ya mayungiyungi, ndani ya matete, kwenye magugu mazito ambayo hata nyoka hapiti. Mtu anakuja na fimbo nyembamba iliyomfaa kwa samaki wadogo wa gatini, anamtupia Mdomo Mkubwa, anamnasa, samaki anajifunga kwenye mashina ya mayungiyungi na hapo mambo yamekwisha. Sasa huvuti samaki tena, unavuta samaki na shamba lake.

Lloyd alinieleza mambo mawili ambayo wateja huyachanganya kila siku. La kwanza ni nguvu, yaani fimbo inastahimili mzigo kiasi gani. La pili ni mahali inapopindia. Kwenye magugu unataka nguvu kubwa, na unataka ipinde karibu na ncha tu, hapo chini ibaki imara. Nilimsikiliza, nikafikiri, nikamwambia kwamba kwetu hicho kinaitwa mwiko wa harusi. Ukisonga ugali wa watu wengi huendi na kijiko cha chai, na huendi na mwiko unaolegea katikati. Aliniomba nimletee mwiko nimwonyeshe. Nilimletea. Akaupima kwa mkono, akaukunja kidogo, akasema kwa uzito wote wa uso wake kwamba ni kifaa kizuri kwa vichaka, ila unakosa pete za kupitishia uzi. Ule mwiko ndio ule unaoning'inia nyuma ya kaunta hadi leo, na msithubutu kuuondoa.

Kwa hiyo mtu akisema mayungiyungi, mpeni fimbo ndefu, futi saba na kitu, ili uzi auinue juu ya majani na aufagie kwa mkono mmoja ukilegea. Mpini mrefu wa chini, wa kushika kwa mikono miwili na kuegemeza ubavuni. Rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, iwe ile inayokaa juu ya fimbo, si ile inayoning'inia chini. Uzi wa kusukwa, ule unaokata majani kama kisu. Na chura wa plastiki, mtupu ndani, anayerukaruka juu ya majani kama mtu aliyechelewa kazini. Rangi ya fimbo iwe mwisho wa mazungumzo, na ikiwezekana isiwepo.

Lakini maneno hayatoshi, na hapo ndipo blanketi langu liliporudi. Mwaka wangu wa pili nilichukua blanketi kuukuu, nikalilowesha kwenye ndoo nyuma ya duka, nikafunga uzi, nikampa mteja fimbo mbili, moja baada ya nyingine, nikamwambia alivute kwenye nyasi hadi kwake. Fimbo laini ilipinda yote kama mtu aliyelewa na blanketi halikusogea. Fimbo nzito ilipinda ncha, ikakataa, na blanketi likaja. Mteja akafurahi kama mtoto. Lloyd alitoka na kikombe cha kahawa, akatazama, nyusi zikapanda hadi karibu zitoke usoni. Tangu siku hiyo hatukuuza fimbo ya magugu bila blanketi, na Lloyd alipostaafu aliniachia ndoo yake mpya kama urithi.

Sasa niwaambie kuhusu Gary. Ninyi mnamjua, ila hamjui alivyoanza. Gary ni mzee wa Champlin, fundi mabomba aliyestaafu, na kwa miaka yote niliyokuwa pale alikuja kila Jumamosi, akashika kila fimbo ya magugu ukutani, akaitikisa, akaipindisha, akavuta blanketi hata kwenye baridi, akanishukuru kwa heshima na kwenda zake bila kununua. Fimbo yake ya zamani ilikuwa na gundi nyingi kuliko fimbo. Mtu mpole sana, maneno yake unaweza kuyabeba kwenye mfuko wa shati. Jumamosi moja alikuja na kijana wake, Erik, na siku hiyo binti yangu Wambui alikuwa ananisaidia kaunta wakati wa likizo ya chuo. Gary alishika fimbo zote kama kawaida. Erik hakushika hata moja, ila Jumamosi iliyofuata alirudi peke yake akavuta blanketi, na iliyofuata tena, na mimi si kipofu.

Walipotuambia wanataka kuoana, nilicheka nikalia nikacheka tena. Baba Wambui hakucheka. Si kwamba alimchukia kijana. Tatizo lilikuwa baba zao. Walikutanishwa mara mbili kwenye chakula na mara zote mbili Gary alisema chakula kitamu, Baba Wambui akasema asante, kisha wote wawili wakatazama mkate. Na mume wangu, mjue, ndiye msemaji wa ruracio wa Wakikuyu wa pande zote hizi. Kikao cha mahari kikifanyika Coon Rapids, Plymouth au popote, yeye ndiye anayeitwa kusema kwa niaba ya familia, kwa mafumbo na madaha. Mtu ambaye hana mafumbo alimtisha. Alisema hawezi kumpa binti yake mtu ambaye hajui anafikiri nini. Wambui naye akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba wazee wakishindwa kukaa pamoja, yeye na Erik wataenda mahakamani kuandikishwa na hakutakuwa na ruracio yoyote. Yeye ni binti yetu wa pekee. Baba Wambui ameongea kwenye ruracio za mabinti wa watu wote, na sasa ya kwake ilikuwa inataka kumponyoka.

Ndipo Gary akapiga simu, yeye mwenyewe, akamwalika Baba Wambui wakavue pamoja. Akamuuliza kama anavua. Nilikuwa nimesimama karibu, nikamsikia mume wangu akijibu bila kupepesa kwamba huvua kidogo. Kidogo. Mtu ambaye hajawahi hata kushika uzi. Nilikimbilia chooni kucheka.

Kesho yake alikuja dukani. Nilimwacha apange foleni kama wateja wengine. Alipofika mbele nikamuuliza, "Karibu baba, unaenda kuvua wapi?" Akaniangalia kwa jicho lile. Akasema kwa sauti ya chini, "Mama Wambui, usinifanyie hivyo mbele ya watu." Tayari alikuwa amechagua fimbo: nyembamba, yenye rangi nyeusi, nyekundu na kijani, eti za bendera yetu. Nikamwambia Gary huvua kwenye mayungiyungi, nikamtoa nyuma ya duka, nikamloweshea blanketi.

Fimbo ya bendera ilipinda hadi nikaihurumia. Nikamfundisha kupima kabla ya kuvuta: mtu mmoja ashike ncha kwenye kiganja, mwingine ainue mpini polepole, mtazame pindo linaishia wapi. Likifika mpinini, rudisha ukutani. Likiishia karibu na ncha na kukataa, hiyo ndiyo. Tulipima fimbo nyingi, mimi nikishika ncha na yeye akiinua, tukitazamana katikati ya uwanja wa magari kama watu wanaocheza densi. Alipoipata yenyewe hakuhitaji kuambiwa. Blanketi lilikuja hadi miguuni pake, akalitazama, akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu Wambui azaliwe.

Kilichobaki ni lile gumu, kungoja. Mdomo Mkubwa akimpiga chura wa plastiki, maji yanalipuka, na kila mtu huvuta pale pale na kumnyang'anya chura mdomoni. Unatakiwa utulie, umwache ameze, uhisi uzito wake, ndipo uvute kwa mwili wote. Wateja wengi hawaliwezi hili hata baada ya miaka. Nikamwambia Baba Wambui afikirie ruracio. Wageni wakibisha, unafungua mara moja? Akasema hapana, ni aibu, unawaacha waimbe kwanza. Nikamwambia basi, samaki akibisha, mwache aimbe.

Yaliyotokea ziwani nimeyasikia kwa pande zote mbili na yanafanana, kwa hiyo nayaamini. Waliingia kwenye ghuba iliyojaa mayungiyungi. Gary alikosa samaki wawili kwa kuvuta haraka, pamoja na uzoefu wake wote. Baba Wambui alirusha vibaya, akanasa jani, akanasa kofia yake, kisha akarusha vizuri. Maji yakalipuka. Gary akapiga kelele avute. Mume wangu akatulia kama yuko kikaoni, akamwacha mgeni aimbe, ndipo akaegemea nyuma na kuvuta, na akaja samaki na nusu ya shamba lake, jike kubwa kuliko samaki yeyote ambaye Gary aliwahi kumwona katika ghuba ile. Walikumbatiana ndani ya mtumbwi. Wazee wawili ambao walikuwa wakitazama mkate.

Halafu Baba Wambui, kwa kuwa moyo wake ulikuwa umejaa, akafanya jambo kubwa. Alimshika yule samaki kwa mikono miwili, akampa Gary, akamwambia huyu ni wako, mkwe wangu. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita mkwe. Gary akashukuru. Akalowesha mikono, akampokea samaki, akamtazama vizuri, akainama, akamrudisha majini. Akamshikilia taratibu hadi mkia ukatikisika, akamwachia aende.

Nilikuwa jikoni Baba Wambui aliporudi. Alisimamisha fimbo pembeni, kwa uangalifu, na akakaa bila kuvua koti. Akasema, "Huyo mtu ame-throw zawadi yangu kwa maji. Mbele ya macho yangu." Nikamwambia lakini Baba Wambui, unajua huku wanarudisha, umewacheka kwa hilo miaka yote. Akasema, "Warudishe samaki wao. Huyo alikuwa wangu, na nilikuwa nimempa. Nilimwambia mkwe, akaachilia." Kwake hapakuwa na fumbo lililo wazi kuliko hilo. Zawadi ya kwanza ya ukwe ikitupwa, jibu limeshatolewa. Akasema hakuna ruracio, ingawa siku ilikuwa imeshapangwa. Wambui alipopigiwa simu akasema sawa, wataenda mahakamani. Nilimsikia analia kabla hajakata.

Jumamosi Gary alikuja dukani. Alishika fimbo zote lakini nilijua haoni hata moja, kwa sababu alikuwa anazitikisa hata zile za kuvulia juu ya barafu wakati wa baridi. Mwishowe akaja kaunta akaniuliza amekosa nini. Akasema Baba Wambui alinyamaza njia nzima kurudi na hapokei simu. Nikamweleza, pole pole, nini maana ya zawadi kwa mkwe, na nini maana ya kuitupa. Uso wake ulibadilika rangi. Alishika ukingo wa kaunta, akasema hakuwahi kumheshimu samaki kama alivyomheshimu yule. Nikamwambia hilo asiniambie mimi, aje alitamke mlangoni kwetu, siku ile ile iliyopangwa ya ruracio. Akauliza kama mlango utafunguliwa. Nikamwambia sijui, na ilikuwa kweli.

Maana ruracio ya Mkenya haiwezi kughairiwa kwa hasira za mtu mmoja. Nyama ilikuwa imeshaagizwa, mashangazi walikuwa wameshasafiri, mukimo ulikuwa motoni. Siku hiyo watu walijaa kwetu Coon Rapids, na kama mnavyojua, karamu zetu hufanyika gereji. Gereji ndiyo ukumbi, na mlango wake ndio lango la boma. Wambui alikuja kwa kunitii mimi tu, akakaa jikoni na kanga mabegani bila kujitanda. Baba Wambui aliketi kiti cha mbele amevaa suti, rimoti ya mlango mkononi, na alikuwa ameniambia wazi kwamba hatabonyeza.

Magari ya akina Gary yakafika. Wakasimama kwenye barabara ya gereji, Gary, mkewe, Erik na jamaa zao, nikisikia viatu vyao tu. Wanawake wetu wakaanza kuimba kuwazuia, kama ilivyo desturi. Nje wakabisha. Baba Wambui hakubonyeza. Wanawake wakaimba tena, wakapiga vigelegele, wakanong'onezana kwamba leo msemaji amezidi, hajawahi kumzungusha mtu hivi. Hakuna aliyejua kwamba mlango ulikuwa umefungwa kweli, isipokuwa sisi watatu ndani na Gary nje. Nilisimama nyuma ya kiti cha mume wangu nikiomba abonyeze, huku upande mwingine wa moyo wangu, Mungu anisamehe, ulitaka kuanguka chini kwa kucheka.

Ndipo Gary akasema kupitia mlango, na wimbo ukakatika wenyewe, kwa sababu hakuna aliyezoea mzungu wa kusema kwenye ruracio. Kwa kawaida mtu huanza kwa fumbo la ua au kondoo. Yeye alisema kwa Kiingereza, polepole, na nawaandikia kama nilivyoelewa: "Wadogo tunawala. Wa kawaida tunawasahau. Yule uliyenipa nilimrudisha kwao kwa sababu ni wa maji yale, na nilitaka awepo tukirudi, mimi na wewe. Binti yako pia simwondoi kwenye maji yake. Ninaomba tu ruhusa ya kurudi hapa."

Baba Wambui alingoja. Nikaona mabega yake yametulia, na nikajua ule utulivu, kwa sababu nilimfundisha mwenyewe nyuma ya duka. Alikuwa anahisi uzito. Kisha akabonyeza.

Mlango ukapanda kwa kelele zake. Tukaona viatu kwanza, kisha suruali zilizopigwa pasi, kisha mkono wa Gary, na mkononi fimbo mpya, kikaratasi cha duka kikiwa bado kinaning'inia. Furaha, wewe ndiye uliyemuuzia jana yake siku ambayo sikuwa zamu, na hukuniambia, na hilo sijakusamehe. Miaka yote ile Gary hakununua fimbo, na sasa alimnyooshea Baba Wambui hiyo.

Mume wangu, katika suti yake, mbele ya mashangazi wote, akaichukua kwa mikono miwili. Akamgeuzia Gary ncha aishike kwenye kiganja. Akainua mpini polepole, wawili hao wakitazama pindo likipanda, na likaishia pale pale linapotakiwa, na likakataa. Akasema, "Ni yenyewe. Mkwe, karibuni ndani." Nyuma yangu nikasikia mlango wa jikoni, na Wambui akapita kama upepo akijitanda kanga kichwani ili aende akajifiche kati ya mabinti wengine waliojifunika, mposaji amtambue kama inavyopasa. Erik alimchagua bila kukosea. Nadhani alimjua kwa kicheko, kwa sababu alikuwa anacheka kuliko wote.

Kwa hiyo, wapendwa wangu, Jumamosi wakija wazee wawili, mmoja mrefu kimya na mmoja mfupi msemaji, washike kila fimbo, waitikise, wapimiane ncha katikati ya njia ya wateja, kisha waondoke bila kununua kitu, msimwite meneja. Lowesheni blanketi muwape.